Msumeno wa watu wawili: tathmini baada ya msimu mmoja wa kuangusha miti

Nilinunua msumeno wa watu wawili, wenye urefu wa mita moja na nusu, kwa ajili ya shamba dogo la miti ambamo trekta haliwezi kupita. Baada ya kuutumia msimu mzima pamoja na mwenzangu, naona kwamba bamba lake ni la chuma kizuri, ila muuzaji aliutoa ukiwa bado haujawa tayari kwa kazi.

Kasoro ilikuwa kwenye meno. Msumeno wa namna hii una meno ya kukata, ambayo hukata nyuzi za mti kulia na kushoto, na meno ya kukwangua, ambayo hufuata nyuma yake na kuzitoa nje. Haya ya pili hutakiwa kuwa mafupi kuliko ya kwanza kwa kiasi kidogo sana, kisichofika milimita moja. Katika msumeno wangu yote yalikuwa na kimo kimoja, hivyo tulihangaika nusu saa kwenye gogo la sentimita 30, na kilichodondoka miguuni petu kilikuwa vumbi tupu. Nilikaa mchana kutwa na tupa nikiyapunguza jino baada ya jino. Kesho yake zikaanza kutoka nyuzi ndefu zilizojikunja, na gogo kama lile likawa kazi ya dakika chache.

Mpini mmoja ulilegea siku ya pili, nikaukaza, basi.

Sifa yake kubwa huonekana wakati wa kuangusha. Mgongo wa bamba umebonyea kuelekea ndani, kwa hiyo mapema kabisa hupatikana nafasi ya kupachika kabari nyuma yake, kabla mti haujaegemea na kuubana msumeno. (Kabari iwe ya mti, ya chuma huharibu meno.) Na kwa kuwa hakuna kelele za injini, ule ukanda wa katikati tunaouacha bila kukatwa ili uuongoze mti kama bawaba husikika unapoanza kulia, nasi tukapata muda wa kurudi nyuma kwa njia tuliyokwisha kuifyeka. Sharti ni moja: kila mtu avute kwa zamu yake na asisukume, maana bamba hujikunja.

Wanaobeba kwa mikono watafaidika pia na wepesi wa kukatakata. Gogo bichi la kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 2 hupita kilo 100, mzigo ambao watu wawili huubingirisha kwa mtaimbo juu ya fito lakini hawaunyanyui. Tukilikata vipande vinne, kila kimoja hubebeka.

Utomvu ukiganda kwenye bamba, kitambaa chenye mafuta ya taa huutoa. Ningeununua tena msumeno huu, mradi niruhusiwe kuyapima meno kwa rula kabla ya kulipa.