Kimashine cha kujazia upepo tairi, nimekaa nacho miezi minne

Ni vile vimashine vidogo vya kuchomeka pale pa kuwashia sigara kwenye gari, unaseti presha unayotaka kinajaza, kikifika kinazima chenyewe. Nilikichukua 65,000 maduka ya spea Gerezani Kariakoo, dogo muuzaji akaniapia ntasevu robo tenki kila wiki. Nikacheka nikalipa.

Siku ya kwanza nimepima asubuhi nyumbani nakuta tairi tatu ziko psi 24 (psi ndo kipimo cha presha ya upepo), ya mbele kushoto 22, wakati juzi yake tu nimetoka kujaza sheli wakaniambia 32. Nikajua kimashine ndo kibovu, nikakipeleka kwa fundi pancha wa mtaani ana geji yake ya mkono ya kizamani, zikapishana psi 1 tu. Kumbe siku zote natembelea tairi zimelala aisee.

Na sio kwamba geji ya sheli ndo yenye kosa peke yake. Mi nilikuwa napitia kujaza mchana nikitokea kwenye foleni ya Kimara, tairi imechemka, na ikichemka upepo wa ndani unatanuka, geji inapanda psi 3 au 4. Kijana akiona 35 anakupunguzia mpaka 32, unaondoka umeridhika, asubuhi ikipoa una 28. Ndo maana kupimia nyumbani kabla hujawasha gari kwangu ndo thamani yote ya hiki kitu. Kiwango chako kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, changu kijapani kitupu ila 220 kPa inasomeka, hiyo ni psi 32. Ile namba ya ubavuni mwa tairi achana nayo, ni mwisho wa uwezo wa tairi, ukijaza huko inakulika katikati na breki kwenye mvua utazijua.

Haya, mafuta. Tairi yenye upepo mdogo inajibonyeza kila inapozunguka, inajikunja inajinyoosha inapata moto, na huo moto unalipiwa na petroli yako. Wizara ya nishati ya Marekani inasema psi 1 ikipungua kwenye tairi zote unapoteza kama asilimia 0.2 ya mafuta. Zangu zilipungua 8 na kidogo, weka asilimia 1.6. Natumia lita kama 20 kwa wiki Mbezi Posta, kwahiyo naokoa theluthi ya lita, tukisema lita elfu tatu hiyo ni buku. Buku kwa wiki! Chupa kubwa ya maji. Kwa mafuta tu hela yangu inarudi baada ya mwaka na miezi mitatu hivi, robo tenki ya yule dogo sijui aliitoa wapi. Anayepiga teksi mtandaoni kutwa nzima itamrudia mapema zaidi.

Mi kimenilipa kwingine. Gari ilikuwa inavuta kushoto na nilishatenga hela ya alaimenti, yani kunyoosha tairi zikae sawa, kumbe ni ile tairi ya 22, nikijaza baada ya siku tatu imeshuka tena, fundi kuitoa ana msumari mkononi. Pancha tu, alaimenti sijafanya mpaka leo. Na tairi za mbele zilishaanza kulika pembeni huku na huku katikati bado nzima, sasa hivi zimetulia.

Ubaya wake, kelele. Saa kumi na moja alfajiri nyumba ya kupanga majirani wanakuchukia, nimeshagongewa dirisha. Tairi mbili kinachemka lazima ukipumzishe. Ukifungua mpira kwenye valvu upepo unatoroka kidogo so mi naseti 33. Waya ndo umeniudhi kabisa, kufikia tairi za nyuma mpaka uupitishe dirishani na bado unakaza. Nakipa nyota nne, ya tano imebaki kwenye huo waya.