Tahadhari: peni za Parys za 1787, kuna mtu anauza za kumimina

Wadau wa sarafu za kale, hasa mlioko Uingereza, someni hii kabla hamjatuma hela.

Nazungumzia tokeni (si za LUKU jamani), zile peni na nusu peni za shaba ambazo wenye migodi na maduka ya Uingereza walizitoa wenyewe miaka ya 1780 na 1790, chenji ya serikali ilipokuwa haba. Iliyofungua njia ni ya kampuni ya mgodi wa Parys, kisiwani Anglesey: upande mmoja mzee wa ndevu aliyejifunika kichwa, kazungushiwa majani ya mwaloni, upande wa pili herufi PMC zilizosokotana.

Nililipa pauni 65. Picha ilikuwa safi, kilichofika ni kingine kabisa. Peni halisi hukaribia gramu 28, maana ilikusudiwa kubeba wakia nzima ya shaba. Yangu kwenye mizani ya jikoni ilisoma 19. Ukingoni, palipopaswa kuwa na maneno ya kwamba italipwa London, Liverpool au Anglesey, pamepigwa tupa, na kwa lenzi bado unauona mshono wa kalibu, yaani shaba iliyeyushwa ikamiminwa humo. Uso umejaa vitundu kama chapati ya maji. Sarafu iliyopigwa chapa haiwi hivyo.

Nikamuuliza muuzaji. Eti shaba ikizeeka hupungua uzito. Gramu tisa!

Najua hata enzi zile walighushi, na ghushi za zamani zina wapenzi wake. Nami nilijipa moyo hivyo, mpaka rafiki yangu akanionyesha yake, kanunua kwa mtu huyohuyo. Kovu dogo kwenye pua ya mzee, palepale, umbo lilelile. Mikwaruzo ya miaka mia mbili haijirudii. Zote mbili zimetoka kalibu moja.

Hela hazikurudi, kwa sababu alinishawishi nimtumie benki moja kwa moja "anipunguzie". Hapo nilijimaliza mwenyewe.

Sasa kabadili jina, anatangaza nusu peni ya Coventry ya 1792, ile ya Lady Godiva juu ya farasi. Kitambaa cha kijani chini ya sarafu ni kilekile. Mwombeni picha ya ukingo, na nyingine sarafu ikiwa juu ya mizani. Mimi nilimwomba kwa akaunti ya mke wangu. Dakika kumi hazikupita, akatublock wote wawili.