Kisanduku cha kupimia maji: kinaifaa kamati ya chanzo, ila fomu yake irekebishwe

Mimi ni katibu wa kamati ya watumia maji. Kisanduku hiki tumekitumia kwenye chemchemi yetu masika na kiangazi. Ndani mna chupa za kupimia bakteria wa kinyesi, vijiti vya nitrati na mrija wa kuangalia tope.

Chupa ndizo zinazostahili sifa. Unajaza maji hadi kwenye alama, unafunga, unaweka mahali penye joto. Yakigeuka meusi ndani ya siku moja au mbili, shuku kinyesi. Njia hii ilitoka India mwaka 1982, haihitaji umeme wala mtaalamu, na kila anayechota maji pale anaweza kusoma jibu. Tahadhari moja: maji ya ardhini yenye salfidi (kemikali ya salfa) huweza kuwa meusi hata kama hayana kinyesi. Kijitabu kinalisema hilo kwa herufi ndogo mno.

Vijiti vinaonyesha kama mbolea au samadi inateremka kutoka mashambani, lakini rangi zinazokaribia miligramu 50 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, zinafanana sana. Mrija hauna shida.

Sasa fomu. Tulikuwa tukitoa maoni kuhusu rasimu ya sheria ndogo ya kulinda chanzo: mwisho wa kulima uwe wapi, mifugo inyweshwe wapi, vyoo vikae umbali gani. Maoni ya mdomo yalipokelewa kwa adabu, yakaishia hapo. Tulipopeleka daftari lenye tarehe, likionyesha chupa zikigeuka meusi kila baada ya mvua kubwa, mkaguzi alikuja kuchukua sampuli zake. Chupa zetu haziwezi kusimama mahakamani badala ya maabara yenye ithibati. Kazi ya chupa hizo ni kumleta mwenye mamlaka hadi kwenye maji. Lakini fomu ya kisanduku ina nafasi ya tarehe na jibu tu. Mahali hasa yalipochotwa maji, saa, mvua ya jana yake, jina la mchotaji na sahihi ya shahidi tulijichorea wenyewe. Bila hayo, mwenye shamba la juu angetupinga kwa swali moja tu.

Nalikazia hili kwa sababu ya Walkerton, Kanada. Mei 2000 mvua kubwa ilisomba samadi hadi kwenye kisima kifupi cha mji. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,300 waliugua. Sheria ya jimbo hilo la Ontario ya mwaka 2006 iliyofuata iliweka kamati za kulinda vyanzo, na humo wakulima, wafanyabiashara na wananchi wanakaa meza moja na halmashauri. Ukikaa kwenye meza hiyo, daftari lako lisiwe na mapengo.

Kamati yenye watu wa kupima mwaka mzima, nunueni. Anayetaka kupima maji ya nyumbani mara moja, apeleke sampuli maabara.