“Ulitilia nini?” Bakuli langu la mfenesi na neno nililoambiwa dukani

Sikutilia kitu. Naanza na jibu kwa sababu pale dukani sikuachiwa nikalimaliza. Sikutilia mchuzi, sikutilia maji, sikutilia ndizi wala embe. Hata funguo za mlango sikuzitupia humo. Bakuli nililolinunua dola 80 lilikaa juu ya kabati la ukumbini, tupu, kama nilivyolitaka, mpaka usiku mmoja wa kaskazi likapasuka lenyewe.

Na nilipolirudisha, kijana aliyekaa kwenye meza ya kulipia hakulishika. Alilitazama tu lilivyolala ndani ya kanga yangu, akaniuliza, “Ulitilia nini?” Hakusema pole. Hakusema hebu nilione, mama. Ulitilia nini, kwa sauti ile anayoulizwa mtoto aliyekutwa na kikombe kimevunjika miguuni pake. Wiki kadhaa zimepita na bado neno lile nalisikia. Nikipika nalisikia. Nikitia udhu nalisikia.

Sasa nimpe kila mtu haki yake, maana siku niliyonunua nilitoka mle nikiwaombea dua. Ilikuwa nimepokea zamu yangu ya upatu. Wenzangu hununua sufuria, wengine huongeza bangili. Mie tangu zamani moyo wangu uko kwenye vyombo vya pambo, na duka lile, lililomo katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar wanakopita watalii, nilikuwa nikilipita nikichungulia tu. Ndani mna mabakuli ambayo sijapata kuyaona kwengine. Moja limeungwa kwa mbao za dau kuukuu, matundu ya misumari bado yana kutu. Jengine la chupa zilizoyayushwa, kijani chake cha maji ya kina kirefu. Jengine la ukili, ukili huu huu wa mikeka yetu, lakini umeshonwa ukakazwa mpaka umesimama wenyewe kama chombo cha udongo.

Halafu nikaliona langu. Limechongwa kwenye gogo moja la mfenesi, kubwa hata mtoto mchanga angelala humo. Ganda la mti limeachwa ukingoni halikuparwa, na bakuli zima limeegemea upande mmoja kama dau lililopwelewa. Kwa ndani lina manjano ya binzari. Aliyelibuni ana jicho, hilo simnyimi. Jina lake la kigeni limechomwa kwa moto chini ya kitako. Jina la aliyelichonga halimo.

Alinihudumia binti mmoja mdogo. Aliniamkia, akanipa kiti, na aliponiona nanyoosha kidole kwa mbali akanambia, “Mama, lishike tu. Cha mbao hakijulikani kwa macho.” Nikalinyanyua kwa mikono miwili. Zito! Nikafurahi, maana ndivyo tulivyolelewa: sufuria nzuri nzito, mlango mzuri mzito, dhahabu nzuri nzito. Nikalinusa, lina harufu ya utamu kidogo, nikafurahi zaidi. Nisameheni, wallahi, sikujua nanusa nini. Binti akalifunga kwa karatasi tabaka tatu, akanisindikiza mpaka barazani. Kama ningeandika jioni ile, ningewaambia nyote nendeni hata kwa kukopa.

Nyumbani Michenzani lilibadilisha ukumbi. Dada yangu aliyeko Wete nilimpelekea picha, akanipigia hapo hapo. “Dola 80, na halitiliwi kitu?” Nikamjibu halitiliwi. “Basi la nini?” Tulibishana muda mrefu, na kila mmoja akakata simu na lake moyoni.

Lakini dada amesahau. Bibi yetu mzaa mama alikuwa akikaa chumba cha juu Malindi, na ukutani mlikuwa na kidaka, na ndani ya kidaka bunguu la Kichina, jeupe lenye maua ya buluu. Lilikuwa limeshavunjika zamani likashikizwa kwa vipini vidogo vya chuma, vitano, mie nilikuwa nikivihesabu. Sikumbuki hata siku moja kuliona na wali. Likishushwa kuamkia Idi, likipanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, likirudi mahala pake. Bibi hakuwa tajiri. Alikula kwenye sahani za bati kama sote. Na hilo la bibi ni dogo. Nendeni Kunduchi, kule Dar es Salaam, mkayaone makaburi ya nguzo. Watu wa kale waliyajengea mabakuli ya Kichina kwenye nguzo zenyewe, mengi yameshabanduliwa yamebaki mashimo ya duara. Nani alipata kutilia wali kwenye nguzo ya kaburi? Sisi wa pwani hii tunajua tangu zama na zama kwamba kuna bakuli la kulia na kuna bakuli la kutazama. Kwa hiyo kijana anaponiuliza nilitilia nini, kwa mawazo yake mwanamke wa Ng'ambo, mitaa yetu ya nje ya Mji Mkongwe, mwenye buibui, akinunua bakuli ni lazima alipakulie mchuzi. Hapo ndipo aliponichoma. Angemuuliza mtalii hivyo? Nilisimama pale nikaona watalii walivyopokewa wao.

Turudi kwenye ule usiku. Kaskazi lilikuwa limekaza, joto na upepo mkavu, madirisha yote wazi. Nikasikia ta! ukumbini, kama mtu kavunja ukuni kwenye goti. Nikadhani paka. Asubuhi nikaona ufa. Umeanzia kitakoni ukapanda ubavuni, urefu wa vidole vitatu vilivyolazwa, mwembamba kama unywele. Nilikaa chini. Najua ni bakuli tu, lakini nilikaa chini sakafuni nikaupitishia kucha mara nyingi, nikitaraji labda ni mkwaruzo.

Dukani binti hakuwepo. Nilimweleza yule kijana kwa upole kabisa, nikamwambia mwanangu, bakuli lenu limepasuka, sikulitumia. Ndipo likaja lile neno. Nikajibu, “Sikutilia ki…” na hapo wakaingia wageni wawili, akanyanyuka, akawapokea kwa Kiingereza chake kizuri, karibuni, shikeni, hili hili limetoka kisiwani kwetu, na mie nimesimama na kanga yangu mkononi. Niliwaona wakielezwa kila kitu. Hawakuulizwa watatilia nini.

Aliporudi alinitolea kikaratasi. “Maelezo yote yamo humu, mama. Lisiwekwe chakula, lisianikwe juani.” Kikaratasi kimeandikwa Kiingereza na Kitaliano. Kiswahili hakimo. Kiingereza nakisoma, nimefundisha skuli miaka 27, nikakisoma mbele yake neno kwa neno na nikamwambia yote haya nimeyafuata bila ya kuambiwa. Akasema, “Basi sijui mama, mbao hupasuka.” Mbao hupasuka! Ikiwa hupasuka mbona haikuandikwa kwenye kikaratasi, kwa Kitaliano?

Nikatoka. Nilitaka kulia na sikutaka anione.

Kilichonipa nguvu ya kuandika ni mzee mmoja, mkereza wa zamani, aliyekuwa akikereza matendegu ya vitanda, siku hizi macho yamepungua na anafanya vitu vidogo vidogo tu. Nililipeleka kwake ili anizibie. Hakuniuliza nililitilia nini. Aliliweka magotini, akalizungusha, akaniuliza, “Siku umelinunua lilikuwa zito?”

“Zito sana, mzee.”

“Hebu linyanyue sasa.”

Nikalinyanyua, na ndipo nilipotambua. Limekuwa jepesi. Nyumbani kila siku nalipangusa vumbi bila ya kulinyanyua, kwa kuliogopea, na nilipolibeba kwenda dukani na kuja kwake akili yangu yote ilikuwa kwenye ufa. “Uzito ule yalikuwa maji, mwanangu,” akasema. “Umeuziwa mti mbichi.”

Akanieleza kwa utulivu, na mie nawaelezeni kama nilivyofahamu. Mti uliokatwa karibuni umejaa maji, na ukikauka hunywea, ila haunywei sawasawa kila upande. Hunywea zaidi kwa kuzunguka, kufuata zile duru zake, kuliko kutoka moyoni kuja gandani. Ndiyo maana gogo likiachwa tu uwanjani hupasuka kama miale ya jua kutoka kati. Anayejua kazi huuepuka moyo wa mti. Hulipasua gogo kwanza na bakuli akalitoa kwenye ubavu. Langu akanigeuzia, akanionesha kitakoni, karibu kabisa na lile jina lililochomwa, kiduara kidogo cha rangi ya kahawia kama senti ya zamani. “Moyo huu hapa. Wameuacha ndani. Litanywea litaelekea wapi?” Ufa umeanzia pale pale.

Kisha akanionesha vyake, chini ya kitanda. Mabakuli mazito mazito, manene, yamechongwa nusu tu, ncha zimepakwa nta ili zisikauke haraka kuliko kati, na kila moja lina hesabu za penseli: kilo tano, kilo nne na nusu, nne na robo. Huyapima kwenye mizani, na mpaka uzito uache kushuka ndipo huyarudia kwa patasi na msasa. Miezi, alisema. Jengine huenda likafika mwaka. Na ile harufu ya utamu niliyoisifu dukani, mzee alisema ni ya mti ambao juzi ulikuwa bado umesimama.

Basi nimepata jibu la “Ulitilia nini?” Maji yalikuwamo, ndiyo. Yalikuwamo kabla yangu. Mie niliyabeba kwenye daladala kutoka mjini mpaka kwangu, nimeyalipia dola 80, nikayaweka juu ya kabati yakauke.

Nilikuja hapa kusema msinunue duka lile, na nilishaliandika hilo sentensi ya kwanza kisha nikalifuta. Kwa sababu bakuli ni zuri, jamani. Pamoja na ufa wake ni zuri. Jua la alasiri likiingia manjano yale yanapanda mpaka dari, na siku hizi yameanza kuiva kuelekea kahawia, kama mfenesi wote unavyofanya. Milango mingine ya nakshi ya huu mji imetokana na mti huu huu na imesimama vizazi. Mti hauna kosa. Mchongaji naye simjui, sijui aliambiwa amalize kwa siku ngapi, msimu wa wageni ukipamba moto mafundi husukumwa. Yule binti ni lulu. Kwa hiyo nilishaanza kuandika kwamba nendeni, ila lipime kwanza: liweke shavuni, likiwa la baridi kama mtungi liache, tazama kitakoni kama mna kile kiduara, uliza mti ulikatwa lini na lilikaa kivulini muda gani kabla ya kumalizwa, na akibabaika ondoka. Hayo yote bado nayasema.

Lakini nikifika hapo namuona yule kijana hakunyoosha hata mkono. Mkono tu! Angelishika angejua ni jepesi, yeye anayeyabeba kila siku kuyapanga rafuni. Angelijua pale pale. Hakulishika kwa sababu alishajua kosa ni la nani kabla sijafungua kanga. La, msende. Au nendeni siku ambayo binti yupo. Sijui, mie sijui niwaambie nini, kila nikiandika mkono unabadilika.

Wamenitafuta. Yaani binti amenitafuta, alipata nambari yangu kwenye daftari la mauzo. Alinitumia ujumbe wa sauti, mrefu, anaomba radhi, anasema wenye duka wamekubali nilibadilishe, nichague lolote la bei hiyo, hata lile la mbao za dau. Nimeusikiliza mara tatu. Sauti yake ina haya, na haya si zake. Kubadilisha sitaki. Lile la dau ni zuri lakini sikulipenda, nililipenda hili. Pesa hawakutaja. Kijana hakutajwa.

Mzee amekataa kulizibia sasa hivi. Anasema gundi na unga wa mbao huzibia leo ikafumuka kesho, maana bado linakwenda. Liachwe limalize kunywea, kaskazi ipite, masika ipite, tuingie kusi, ndipo alishone kwa waya wa shaba. Nimemwambia vipini vitano, kama la bibi, akisema vinne vyatosha mie nataka vitano. Leo asubuhi nimeupima ufa. Vidole vinne na kidogo, na upana wake sasa unapitisha sindano ya kushonea kofia.

Binti bado sijamjibu.