Uzoefu wangu: kusaini mkataba mtandaoni ni rahisi, kumjua aliyesaini ndiyo kazi

Nyumba yetu ya urithi Tanga imepata mpangaji mpya, na wenye nyumba tuko watatu: mimi Dar es Salaam, dada yuko Muscat, baba mdogo yuko Tanga kwenyewe. Mkataba uliopita tuliuchapisha steshenari, ukasafirishwa Muscat na kurudi, wiki tatu zikakatika. Safari hii nikajiunga na huduma ya kigeni ya kusaini kielektroniki, ya kulipia kwa mwezi.

Usipobadilisha kitu, huduma humtumia kila mmoja kiungo kwa barua pepe, na anayekifungua ndiye huhesabiwa kuwa mwenye jina. Dada alisaini palepale. Saini ya baba mdogo nayo ikarudi upesi, nikashtuka, maana mzee yule hata bili ya maji anaisoma mara mbili. Nikafungua cheti cha kumbukumbu kinachoambatana na mkataba. Saa zake ni za Greenwich: 20:55, ongeza tatu, kwetu ni saa sita kasoro dakika tano usiku. Umefunguliwa, umesainiwa, dakika moja haijaisha. Na baba mdogo akishaswali isha huwa kalala.

Kumbe anwani ile ya barua pepe mzee alifunguliwa na mwanawe, na nywila anayo huyo mwanawe; ndiye aliyesaini. Wala hakuwa na nia mbaya: "Kaka, kiungo kimekuja kwangu, nikajua mnataka niwasaidie."

Nikaubatilisha, nikaanza upya na uthibitisho wa kitambulisho na picha ya uso. Dada na pasipoti yake hakumaliza dakika mbili. Mzee alipiga picha kadi ya NIDA mara nne, taa inang'aa juu ya plastiki, mfumo unakataa. Ya tano ikasomeka, ikakwama kwenye jina: mimi niliandika majina mawili, kadi ina matatu. Hilo kosa langu.

Nikahamia msimbo wa SMS. Nilijua hapo pana uhakika, kwa kuwa tangu 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Nikamwambia apige *106# aone laini zilizo kwa jina lake. Hiyo anayoitumia kila siku haimo! Ilisajiliwa kwa kidole cha mwanawe, enzi namba ya NIDA ya mzee haijatoka.

Kilichotufaa ni kile cha bure: msimbo wa siri anaoutunga mtumaji. Nilimpigia, nikaisikia sauti yake, akaulizia watoto, kazi, mpaka gari langu bovu, ndipo nikamtajia namba. SMS na kitambulisho hutozwa kila unapovitumia; huu hapana. Ila cheti kinasema tu kwamba msimbo uliingizwa, hakijui niliutaja sikioni mwa nani.

Kwa mkataba wa pango nimeridhika. Kuuza kiwanja kwa njia hii, hapana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitambua saini ya kielektroniki, lakini mtu akiikana yake utaulizwa ulijuaje ni yeye, na kiungo cha barua pepe hakitakujibia.

Naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu hakuna popote nilipoonywa kwamba kiungo kitupu hakimthibitishi mtu.

Baba mdogo kasaini. Sasa anauliza mhuri utagongwa lini.