Saiba ya Malindi inayojua kupiga hesabu za klasta

Jamani kama una mtoto katoka KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na mwawaza ataitwa chuo gani, mpelekeni saiba hii ya intaneti. Mdogo wangu ana B, pointi 62, na roho yote iko kwa uuguzi. Saiba ya kwanza walituambia "B yatosha, jaza tu" wakachukua pesa yao, nikatoka na wasiwasi, maana C+ ni ya kukuruhusu kuomba digrii tu, si kwamba kozi unayoitaka umeipata.

Huku dada wa kaunta alichukua karatasi, akajumlisha pointi za masomo manne ya klasta, yaani yale kozi yenyewe inayoangalia, akapata 38 kwa 48, akazidisha na 62 kwa 84, akatafuta kipeuo cha pili, akazidisha na 48, ikatoka 36 na ushee. Kisha akafungua mtandao wa KUCCPS, wale wanaowapanga wanafunzi vyuoni, tukaona pointi za wa mwisho kuchukuliwa mwaka jana, chuo kwa chuo, Chuo Kikuu cha Pwani pia. Akasema wazi haya ni makadirio, mwaka huu zaweza kupanda.

Foleni ndefu na feni moja tu, lakini nitarudi, mdogo wangu alitoka pale anacheka.