Gari lako la kwanza la misuli: lipi ununue, lipi uache

Gari la Kimarekani la miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, lile la bodi ya wastani na injini kubwa ya V8 (silinda nane) ambalo wenyewe huliita gari la misuli, linauzwa kwa maneno kabla ya chuma. Muuzaji atakuambia ni SS (toleo la kasi la Chevrolet), ni GTO (lile la Pontiac), na injini ni ile ile ya kiwandani. Gari lililozaliwa hivyo na lililobandikwa nembo baadaye hutofautiana bei mno, na kwa macho utaona yote ni sawa. Kwa hiyo nimeyapanga kwa kigezo kimoja: ni lipi ambalo ni vigumu kudanganywa nalo.

Namba moja naipa Pontiac GTO ya 1966 hadi 1971. Namba yake ya chasisi huanza na 242, na ikianza vingine, hiyo si GTO. Juu ya hapo, rekodi za kiwanda zipo: Pontiac Historic Services, kwa ada, hukutumia nakala za karatasi za gari hilo hilo unalolitazama, zikionyesha injini, gia, rangi na vikorombwezo vyote. GTO za 1964 na 1965, ndizo zilizofungua zama hizi, zina namba za LeMans tu, yaani Pontiac ya kawaida, kwa kuwa GTO wakati huo ilikuwa nyongeza ya kulipia. Hizo usizitolee hata senti kabla karatasi hazijafika.

Ya pili ni Ford Mustang ya 1965 au 1966, na kwa mwenye mfuko mdogo ningeanzia hapa. Soma herufi iliyo nafasi ya tano katika namba ya chasisi, ukihesabu tarakimu na herufi pamoja. C ni V8 ya 289 (ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo) yenye nguvu za farasi 200, A ni 225, K ni 271. Ukikuta T, gari lilitoka na silinda sita, hata kama leo linanguruma V8. Linaweza kuwa gari zuri, ila lilipie bei ya T. Spea zake zimejaa, karibu kila kipande cha bodi kinatengenezwa upya. Adui yake ni kutu iliyojificha chini ya kioo cha mbele, penye matundu ya kuingizia hewa. Chukua jagi la maji, mwaga taratibu kwenye matundu hayo, kisha ingiza mkono chini ya zulia, pale miguu inapokaa. Pakilowa, jiandae kwa kazi kubwa ya kuchomelea. Muuzaji akikataza jagi, ondoka.

Ya tatu, Plymouth Duster 340 ya 1970. Nyepesi, farasi 275, na namba ya chasisi huanza VS29H. Wengi wanaipita wakikimbilia zenye injini ya Hemi 426, ambazo waghushi nao wanazipenda kwa sababu ya bei yake kubwa. Mimi naipenda Duster kwa dhati.

Ya nne ni Chevrolet Chevelle SS, na naiweka chini kwa uchungu maana kwa sura hakuna inayoishinda. SS 396 za 1966 hadi 1968 ni salama kiasi: namba huanza na 138. Kuanzia 1969 SS ikawa nyongeza, na hadi 1971 namba ya chasisi haisemi ni V8 ipi. Kwa hiyo Chevelle ya 1970 inayodaiwa kuwa na injini ya LS6 ya farasi 450 inahitaji karatasi ya kiwandani, ambayo mara nyingi hupatikana juu ya tangi la mafuta au ndani ya viti. Usitegemee namba iliyogongwa kwenye injini peke yake, maana husagwa na kugongwa upya.

Lolote utakalochagua, nenda na sumaku ndogo. Ipitishe juu ya matao ya magurudumu na chini ya milango. Isiposhika, hapo ni puti. Gari lililoishi Arizona, jimbo kame, ni bora kuliko la Michigan, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Mnadani, ulizia ada ya mnunuzi kabla hujainua mkono, kwani mara nyingi ni asilimia 10 juu ya bei. Na ndugu anayewaza kulishusha Mombasa ajue kwamba kanuni ya kawaida ya Kenya haikubali gari lililozidi miaka minane, wala la usukani wa kushoto.

Siku ya kuuza, usipige rangi mpya. Mnunuzi makini huogopa rangi mbichi kwa sababu haoni kilicho chini yake. Piga picha za uvungu, hata palipoliwa na kutu, na kabureta la asili ulilolitoa lifungie kwenye boksi liende pamoja na gari.